Dawa nameza, virusi havionekani, lakini usingizi umenihama. Sisi wa Lamu huongea na nani?

Nahodha_Alfajiri

Assalaam alaikum, na habari zenu nyote. Jina hili nimelifungua leo kwa ajili ya swali hili tu, kwa hivyo mnaonijua kwa jina langu la siku zote msijisumbue kunitafuta. Ni mwanamume wa miaka 43, naendesha boti ya abiria kati ya Mokowe na Lamu. Zaidi ya hapo sisemi, kisiwa chetu mnakijua. Mtu akinunua viatu vipya Langoni asubuhi, adhuhuri Mkomani washajua alilipa ngapi.

Nilipimwa virusi vya ukimwi 2017. Mke wangu alikuwa mjamzito, akaambiwa kliniki aje na mumewe. Nikaenda na kiburi changu, kama mtu anayesindikiza. Yeye akatoka hana, mimi nikatoka ninavyo. Mtoto alizaliwa salama, sasa anasoma na kunikosoa Kiswahili changu. Mke naye hupimwa kila baada ya muda, hana kitu. Hakuniacha, na wala hajawahi kunitupia neno. Wanaojua ni sisi wawili, Mola wetu, na mama mmoja wa Malindi nitakayemtaja.

Mtaniuliza mbona sichukui dawa hapa hapa. Jamani, wafanyakazi wa hospitali ndio abiria wangu. Muuguzi nimemvusha, wa maabara nimemvusha, anayefagia ni mtoto wa binamu yangu. Sisemi wana midomo mirefu, la. Nasema kila asubuhi wangenipa nauli mkononi na mimi ningeanza kuutazama ule mkono, kama umeniogopa au haukuniogopa. Basi tangu mwanzo nachukua Malindi. Napanda basi la alfajiri Mokowe, Witu, Garsen, vizuizi vya polisi, shuka na kitambulisho, panda tena, mpaka nifike mgongo umekufa ganzi. Kwa mama yangu huaga kuwa nakwenda kutafuta spea za injini. Miaka yote hii nimenunua plagi za kutosha kufungua duka.

Na ile chupa ya vidonge, wenzangu mnajua inavyolia. Chakachaka, chakachaka, kama kayamba. Kwenye vichochoro vyetu, mtu na punda wakipishana ni shida, sauti ile inasikika mpaka barazani. Mimi hununua pamba, naishindilia ndani mpaka inyamaze, ndipo naitia kwenye mfuko wa spana.

Sasa nije kwa huyo mama wa Malindi. Alikuwa kaunsela. Chumba chake kilikuwa mwisho wa varanda, pazia la manjano, feni imekufa zamani. Hakuwahi kuanza na dawa hata siku moja. Alikuwa akiniuliza, "Bahari ilikuwaje?" Namweleza upepo wa kusi ulivyotupiga, injini inavyokohoa, abiria anayedai chenji ya shilingi kumi huku mawimbi yanamwagika ndani. Na katika kusimulia hayo ya injini, nashtukia nishafika kwenye ya moyoni. Mara nne kwa mwaka, dakika arobaini hivi. Mwanamume na ndevu zake, nilizingoja siku hizo kama mtoto anavyoingoja Idi.

Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, mlisikia wenyewe. Machi nilipokwenda nikakuta mlango una kufuli, pazia limeng'olewa, viti vimepandanishwa ndani hadi dirishani. Nikaambiwa sasa tumeunganishwa na wagonjwa wengine, tupange foleni moja na wa sukari na wa presha. Kusema haki, wazo lenyewe si baya: kwenye foleni moja nani atajua nani ana nini? Lakini kijana wa dirishani aliinua ile chupa yangu juu kabisa, akaita majina yangu yote matatu, na la ukoo akalivuta. Benchi la nyuma yangu ameketi mtu wa Langoni, kamleta babake wa sukari. Tukatazamana. Akaniambia, "Kumbe uko Malindi?" Nikamjibu nimekuja kutafuta spea.

Mpaka leo sijasikia neno mtaani. Pengine hakuelewa, pengine ni mtu wa kusitiri. Lakini mimi tangu siku hiyo silali. Saa nane za usiku macho makavu, naisikia adhana ya kwanza nikiwa nimekaa kitako. Chakula nakitazama. Abiria wakicheka nyuma ya boti najua wananicheka mimi, na najua pia kwamba sivyo, na yote mawili nayajua kwa wakati mmoja. Vidonge nimeanza kuviruka. Si kwa kusahau. Naishika chupa, naiona pamba, nairudisha. Kama vinane au tisa katika miezi hii miwili. Na nikishafunga boti usiku hukaa gatini peke yangu nikitazama maji, yakanijia mawazo ambayo si ya kuandikwa.

Nawaambia kinachonitisha hasa, hata kama mtaniona mjinga. Ni kikombe. Mwaka 1998 mjomba wangu alirudi kutoka Mombasa amekonda, tukaambiwa ni kifua. Mama alimtengea kikombe cha bati cha buluu, ukingo mweusi. Hakikuingia jikoni. Kilikuwa na msumari wake nje ukutani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chai, na nilifundishwa kukishika kwa kitambaa. Mjomba alikuwa akikipokea huku ananitazama, hasemi. Mama alimpenda kaka yake, msimfikirie vibaya, ndivyo watu walivyokuwa wakiambiana siku hizo. Alipokufa kikombe kilibaki pale pale. Na mama huyo huyo sasa akiniona sili ananiambia, "Mwanangu, ndoo ule," na amekwisha kunipeleka kwa mtu Matondoni aliyesema nina jini la baharini.

Swali langu ni moja lakini lina matawi. Mtu kama mimi, ambaye dawa anazo na vipimo vyake vilikuwa safi, anaongea na nani sasa? Asiwe mtu wa Lamu. Simu yafaa, au mpaka uso kwa uso? Na huku kukosa usingizi ni dawa, ni mimi, au ni hilo jini?


Kaunsela_Bila_Kazi

Waalaikum salaam, nahodha. Mimi ni mmoja wa wale wa makufuli. Miaka kumi na moja kwenye CCC, kliniki ya wenye virusi, barua ikaja Ijumaa. Siku hizi nakaanga viazi karai, na bado watu huja kuniambia ya moyoni nikiwa nimeshika mwiko.

Kabla ya vidonge na usingizi, nirudi gatini. Nakuuliza waziwazi kama ningekuuliza tukiwa tumeketi: unafikiria kujiua? Usiogope neno. Kuuliza hakumtii mtu wazo kichwani, sisi tulifundishwa hivyo na kwa miaka yote sijaona kinyume chake. Kama jibu ni ndiyo, au ni "karibu na ndiyo", basi leo hii fanya mawili. Mwambie mkeo, kwa maneno hayo hayo ya gatini. Na piga 1199, ni namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, anayepokea amefunzwa kusikiliza na hakujui wewe wala boti yako. Ukiona usiku huo huwezi kujizuia, nenda hospitali yoyote iliyo karibu, hata hiyo ya abiria wako. Siri ya mtu aliye hai inaweza kushughulikiwa kesho. Na usije ukahofia polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua, kile kifungu cha 226, ni kinyume cha Katiba. Mpaka upate nafuu, boti mkabidhi mwenzako aifunge jioni, wewe uende nyumbani na watu.

Haya, vidonge. Vinane si mwisho wa dunia. Kama uko kwenye ile ya kidonge kimoja yenye dolutegravir, na wengi wenu mko huko, virusi haviizoei upesi kama zile za zamani. Lakini usitegemee hilo. Leo meza kimoja, kesho kimoja, usimeze viwili kufidia. Ukienda kliniki sema kweli kwamba umeruka. Watakukalisha chini mzungumze, kisha baada ya miezi kadhaa watapima wingi wa virusi. Mtu anayeona aibu husema "namezaga vizuri", halafu kipimo kinamsema.

Usingizi. Efavirenz, ile dawa ya zamani, ndiyo iliyokuwa ikiwapa watu kizunguzungu na ndoto za kupaa angani, ndiyo maana wengi mlizoea kumeza usiku. Dolutegravir kwa baadhi ya watu hufukuza usingizi, na hao huwa tunawaambia wameze asubuhi. Kwa hivyo kama unameza usiku, waulize kuhusu kuhamia kabla ya zamu ya alfajiri. Ila nitakuambia ninavyoona mimi: umeitumia miaka na ukalala. Usingizi uliondoka siku ile ya dirishani. Mwizi wako sidhani ni kidonge.

Tuna karatasi ya maswali tisa, inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Hamu ya kufanya mambo imekwisha? Una huzuni? Unalala? Unachoka? Unakula? Unajiona umeshindwa? Akili inatulia? Umekuwa mzito, au umekuwa mtu wa kuhangaika? Unafikiria ni bora ufe? Kila jibu ni sifuri hadi tatu, jumla ishirini na saba. Ukifika kumi hatukuachi uondoke bila mpango. Katika andiko lako nimehesabu sita bila hata kukuuliza. Hiyo kwa Kiswahili fasaha ni sonona, nayo ina mazungumzo yake na ikibidi ina dawa zake. Ukiandikiwa dawa, mwambie daktari unatumia nini, maana zipo chache, kama carbamazepine ya kifafa, zinazoipunguza nguvu dolutegravir.

Sasa mahali. Watu wa Pwani hawapendi nisemavyo, lakini uliza hospitali ya Malindi au Mombasa kama kuna kliniki ya afya ya akili na siku yake. Kule hutangulizi habari za virusi. Mtu akikuona atasema "nahodha amechanganyikiwa na madeni", na hilo Lamu husamehewa. Pili, simu inafaa. Si sawa na pazia la manjano, lakini nimewahi kumsikiliza mvuvi wa Ngomeni kwa miezi mitano kwa simu, akiwa juu ya mashua, mtandao unakatika tunarudi tena.

La yule kijana: sheria ya ukimwi ya 2006 inakataza kutoa habari za hali ya mtu bila ridhaa yake, na kuna baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo. Sikusukumi ushtaki. Ila una haki ya kuomba kuonana na msimamizi wa kitengo na kumwambia waite namba, si majina. Wengine watano watakushukuru bila kukujua.

Na ile pamba, nakuelewa, hata mimi niliwafundisha watu hivyo. Ila kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kilichomo ndani usikitupe, hasa wewe wa baharini.


Tiba_Asilia_Kamili

Ndugu pole sana. Hizo dawa za hospitali ndizo zinazokumaliza na kukunyima usingizi. Tuna mizizi ya siku 21 inasafisha damu kabisa, ukapime mwenyewe. Nipigie [namba imeondolewa na msimamizi].


Mama_Kaimati

Msimamizi umechelewa kuondoa, ungeondoa na jina lake.

Nahodha mwanangu, mimi ni wa Malindi, Barani. Mizizi ya siku 21 niliinywa 2006, ya mtu mwingine, bei ya mbuzi wawili. Niliacha dawa kwa ajili yake. Siku ya 21 nilikuwa nimelazwa, na mwenye mizizi simu yake mteja hapatikani. Basi tumwache.

Nimeishi na hiki kitu tangu 2005. Sikufa, nimezika walionichekea. Watoto wangu watatu, wa mwisho nilimzaa nikiwa kwenye dawa, sasa ananizidi kimo na hana kitu. Nakuambia haya si kwa kujisifu. Wewe umeandika kama mtu aliye peke yake baharini na sisi tuko hapa tumejaa.

Nikuambie kuhusu kikundi chetu. Tunakutana Jumamosi ya pili ya mwezi, chini ya mkilifi nyuma ya nyumba ya mmoja wetu. Mtaa mzima unajua ni chama cha vyombo, na kweli ni chama, tunachanga mia mbili mia mbili na kila mwezi mmoja anapewa. Nishanunua sufuria tatu na jiko. Hakuna bango, hakuna fulana zenye maandishi, zile fulana tulikataa zamani, walitaka kutuvisha tutembee nazo sokoni! Tuko ishirini na kitu, wanaume saba. Wanaume hukaa upande wao kwenye ukuta. Watazungumza mpira saa nzima, wabishane na penalti ya wiki jana, halafu katikati ya penalti mmoja anasema, "Mke wangu amejua." Basi wote wananyamaza. Hapo ndipo kikao kinapoanza.

Yuko mmoja wa magari makubwa, yuko mvuvi, yuko fundi wa injini za boti. Nadhani huyo wa injini mtaelewana kabla hujakaa.

Kuhusu kaunsela wako wa pazia la manjano, kama ndiye ninayemdhania, kwangu hakuwa akianza na bahari. Alikuwa akianza na bei ya unga. Kila mtu alikuwa na mlango wake. Hakuondoka kwa kupenda. Namba yake siitoi hapa na wewe usiniombe, lakini nitamuuliza kama anataka kupatikana.

Na mkeo mjue, unapokuwa vipimo vyako havionyeshi virusi humwambukizi kwa tendo la ndoa. Najua ulikwisha kuambiwa. Nakurudia kwa sababu mtu asiyelala hurudi kuogopa mambo aliyokwisha kuyavuka. Ndiyo maana pia usiruke kidonge.

Nina swali moja kwako. Kile kikombe kipo bado?


Maalim_wa_Chuoni

Nahodha, mimi ni mtu wa visiwani kwenu na huenda nimepanda boti yako. Sitatafuta kujua.

Kuhusu jini. Kisomo ni kheri, mama akitaka asomewe mwanawe asizuiwe, mzazi naye anahitaji kitu cha kushika. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na anayesoma akikuambia uache dawa, huyo ondoka kwake kabla hajafunga msahafu. Na usimlipe. Ramadhani nayo isikutie wasiwasi, kidonge kimoja kwa siku kinaingia kwenye daku au futari, chagua wakati mmoja usiubadilishe.

Kuna jambo nimelibeba na sijui kwa nini naliandika kwako. 2004 nilisimama mimbarini nikasema maradhi haya ni adhabu ya wazinifu. Nilisema kwa sauti kubwa, nilikuwa kijana, nilipenda sauti yangu. Miaka baadaye nikaambiwa nani alikuwa ameketi safu ya pili siku ile. Alikwisha kufariki. Nimekwenda kwa wazee wake, nimewaomba radhi, wakanipa kahawa. Tangu hapo nikiombwa hotuba ya maradhi husema habari za Nabii Ayubu na subira yake, na nikishuka nawaambia watu kliniki iko wapi.

Usikae gatini peke yako, ndugu yangu. Kama huna pa kukaa baina ya Magharibi na Isha, baraza yangu ipo na siulizi maswali.


Nahodha_Alfajiri

Wazee wangu, nimechelewa kujibu. Siku tatu nilisoma tu, nafunga simu, nafungua.

Kaunsela, ulipouliza waziwazi nilikasirika, nikaizima simu. Halafu nikajibu peke yangu kwa sauti, ndani ya boti, na jibu lilikuwa lile la pili, la "karibu na". Nikarudi nyumbani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia mke wangu, yote yakapotea, nikasema tu, "Pale gatini siendi kupunga upepo." Aliacha kukuna nazi. Akakaa kimya kitambo. Akaniambia, "Najua. Nahesabu vidonge tangu mwezi wa tano." Kumbe kila nikitoka alikuwa akiitoa ile pamba, anahesabu, anaishindilia tena kama ilivyokuwa. Hakusema kwa kuogopa nitaihamisha chupa. Tumekaa usiku ule mpaka adhana. Boti sasa anaifunga kijana wangu wa kazi.

1199 nilipiga Jumanne, nikiwa Mokowe nyuma ya malori, kelele tupu. Alipokea msichana, kwa sauti nilimwona mdogo sana, nikataka kukata. Akaniuliza, "Uko mahali unaweza kuongea?" Nikamwambia sijawahi kuwa mahali kama hapo. Akacheka kidogo, nami nikacheka. Tukaongea dakika ishirini. Sikumbuki nilisema nini. Nililala saa nne mfululizo usiku huo, kisha Jumatano nikakesha tena, nisiwadanganye.

Vidonge nameza. Saa kumi na moja kasoro robo, kabla ya zamu, mke anakitoa yeye na kunipa mkononi kama mtoto. Sijasema kitu, naona anapenda.

Mama_Kaimati, kikombe kipo. Nilikwenda kwa mama Alhamisi makusudi nikitazame. Rangi imebanduka, ule msumari umeshika kutu. Mama hukitumia kuchotea kuku mtama. Nilikishika bila kitambaa. Alikuwa akinitazama kutoka jikoni, akasema kwa nini nacheza na cha kuku, nikakirudisha. Sikumwambia lolote. Sijui kama nitamwambia. Pengine mama hahitaji kuambiwa, au pengine mimi ndiye naogopa bado, hilo nitalipeleka chini ya mkilifi kama nitakaribishwa.

Maalim, nimeipita baraza yako jana. Kulikuwa na watu wengi. Nitapita tena.

Kuna jambo moja tu linanikwaza. Jumamosi hiyo nikifika Malindi, naingiaje mtaani kwenu bila kuuliza njia? Mgeni anayeuliza njia hukumbukwa.


Mama_Kaimati

Umekaribishwa tangu juzi. Nimekutumia ujumbe wa ndani, usome, kisha ufute. Mwanangu wa kiume atakungoja stendi na tuk-tuk yake ya kijani, atakuita "fundi". Mwambie umekuja kutazama injini ya pampu, na pampu kweli tunayo, imekufa tangu Ramadhani, kwa hivyo njoo na spana zako.

Yule mama wa bei ya unga nimemuuliza. Amesema, "Nahodha? Mwambie bado nataka kujua bahari ilikuwaje." Hatakuja Jumamosi hii, yuko msibani Kilifi, ila ya mwezi ujao amesema atajaribu.

Na lete mia mbili. Mgeni naye huchanga.